Swali Asilouliza Edipode

Katika mstari wa 362 wa tamthilia ya Sophocles, Edipode anaambiwa kwamba muuaji anayemsaka ni yeye mwenyewe. Haambiwi kwa fumbo. Anaambiwa na Tiresias, nabii anayeheshimiwa na mji mzima wa Thebes, mbele ya wazee wa mji, kwa sentensi moja ambayo hata mtoto wa shule angeielewa. Tamthilia ina mistari 1,530 hivi. Robo ya kwanza haijaisha na jibu limeshatolewa, kisha yule yule aliyepewa jibu anaendelea kuuliza, kuhoji na kuita mashahidi kwa mistari mingine zaidi ya mia nane kabla hajalikubali.

Mtunzi wa hadithi za upelelezi angesema Sophocles ameiharibu kazi yake kwa mkono wake. Lakini siri haikuwa mtaji wake hata kidogo. Watu waliokwenda kuitazama huko Athens, mnamo mwaka 429 K.K. kwa makadirio ya wataalamu, walikijua kisa kabla hawajaketi: mtoto aliyetabiriwa kumuua baba na kumwoa mama, akatupwa mlimani, akaokotwa, akakulia ugenini, akarudi akayatimiza yote bila kujua. Walichokwenda kukitazama ni mtu mwenye akili kuliko wenzake, mwenye nia safi kwa watu wake, anayesikia kila neno, na bado habari haimfikii. Kazi hiyo ni ngumu kwa mtunzi. Mhusika akiwa mjinga, tutamchoka. Akiwa mwongo, tutamchukia na kungojea aumbuke. Edipode si mjinga wala si mwongo, na hatumchoki.

Wanaojitia hamnazo wamejaa katika fasihi, na wengi wao hupita njia ya mkato. Kaizari wa Shakespeare, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata kwa mkono wa Mwalimu Nyerere mwaka 1963, anaonywa na mtabiri barabarani, anaonywa na ndoto ya mkewe, na mwisho analetewa barua yenye majina ya wanaotaka kumuua. Haisomi. Habari inabisha hodi, mwenye nyumba hafungui mlango, na kisa kinakwisha hapo hapo. Edipode, tuliyeletewa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1971 katika Mfalme Edipode, hufungua kila mlango. Hakuna mhusika ninayemjua anayeuliza maswali mengi kuliko yeye. Hoja yangu ni kwamba kutojua kwake kumo ndani ya maswali hayo hayo: katika anachochagua kukiuliza, na kwa mpangilio gani.

Tuanzie mapema zaidi, mahali ambapo msomaji wa haraka hupapita. Tauni imeushika mji. Creon, shemeji wa mfalme, amerudi kutoka Delphi na ujumbe wa Apollo: damu ya Laius, mfalme aliyetangulia, haijalipwa, na mwenye hatia yumo humu humu nchini. Edipode anauliza kama kuna shahidi. Yupo mmoja aliyenusurika, Creon anajibu, naye aliweza kueleza jambo moja tu kwa uhakika: walioushambulia msafara walikuwa wanyang'anyi, kundi zima, wala haikuwa nguvu ya mtu mmoja. Katika mstari unaofuata, wa 124, Edipode anauliza mnyang'anyi huyo angethubutuje jambo kubwa namna hiyo kama hakupewa fedha na mtu wa hapa mjini.

Kundi limegeuka mtu mmoja ndani ya pumzi moja. Creon hamsahihishi. Kuhani na waombaji waliopo nao wamenyamaza. Wapo wanaosema hapo ulimi umeteleza na nafsi ya muuaji imejitoa yenyewe. Mwaka ule ule wa 1971, Philip Vellacott alichapisha kitabu kizima akidai kwamba Edipode alijua tangu zamani na alikuwa akificha. Sikubaliani naye, kwa sababu za kisanaa zaidi kuliko za kisheria: kama anajua, basi jukwaani yuko mwigizaji anayeigiza mwigizaji, na kila kilio chake kinakuwa cha bandia. Ninachokiona katika mstari wa 124 ni cha kawaida zaidi, na kwa hiyo kinatisha zaidi. Edipode amekwisha kutunga kisa. Mfalme ameuawa, hakuna aliyefuatilia, basi kuna mkono wa wakubwa nyuma yake. Mtu huyo amekodiwa. Na anayekodiwa kuua huwa mmoja. Umoja wa kitenzi umetokana na hoja, na hoja hiyo si ya kipumbavu.

Baada ya hapo nafasi ya ukweli imeshakaliwa. Tiresias atakapokuja kusema neno lake, halitakuta kichwa kitupu kinachosubiri kujazwa. Litakuta kisa kilichokwisha kuketi na wahusika wake, na litapewa kazi ndani ya kisa hicho: huyu mzee amehongwa, aliyemhonga ni Creon, wanautaka ufalme. Msemo wetu wa sikio la kufa kutosikia dawa haumfai mtu huyu. Sikio lake ni zima. Limesikia kila kitu na kukipangia pa kukaa.

Tazama jinsi tukio la Tiresias lilivyofumwa. Nabii hataki kusema. Anaomba arudishwe nyumbani. Edipode anambembeleza, halafu anamkaripia, halafu anamshutumu kwamba yeye ndiye aliyepanga mauaji, na kama si upofu angeyatenda kwa mkono wake pekee. Hapo ndipo mzee anapofyatuka na kusema kwamba uchafu wa nchi hii ni wewe. Edipode anamwambia arudie ili apate kuelewa vizuri. Mzee anashangaa: hukuelewa mara ya kwanza? Rudia. Ndipo unakuja mstari ule wa 362, ambao kwa kweli ni marudio. Edipode ameuagiza mwenyewe kama mtu anayemwambia karani amsomee tena kumbukumbu za kikao, na mara unaposomwa anautangaza kuwa tusi la pili.

Sophocles ameuweka ukweli katika umbo la ugomvi. Wanajibizana mstari kwa mstari, na katika majibizano ya hasira kila kauli husikika kama kisasi cha kauli iliyotangulia. Edipode ameanza kumwita mwenzake muuaji. Mwenzake naye anamwita muuaji. Mtu yeyote aliyewahi kusuluhisha magomvi anajua kauli ya pili haipewi uzito. Msomaji aliyelelewa na ngonjera za Mathias Mnyampala atauona utofauti haraka. Katika ngonjera, asiyejua anashindana na ajuaye, beti zinapanda, na mwisho asiyejua anasalimu amri na kushukuru kwa kufunzwa. Majibizano yale yana imani kwamba neno likirudiwa vizuri litaingia. Ya Sophocles hayana imani hiyo. Hapa kurudia ndiko kunakoziba.

Hata hivyo, katikati ya matusi, kuna sekunde moja ambapo mlango unataka kufunguka. Tiresias, akiwa anageuka kuondoka, anasema kwamba wazazi waliokuzaa hawakuniona mpumbavu. Edipode anamsimamisha: wazazi gani? Ngoja. Ni nani aliyenizaa? Ni mstari wa 437. Swali ambalo lingemaliza tamthilia nzima limemtoka bila kukusudia, wala halina uhusiano wowote na Creon au fedha. Mzee anajibu kwa kitendawili kuhusu siku ya leo, kwamba itamzaa na kumwangamiza. Na Edipode, aliyepewa ufalme kwa sababu alifumbua kitendawili cha Sphinx kilichowashinda watu wote wa Thebes, analalamika kwamba mzee anapenda mno mafumbo. Halirudii swali lake. Watafsiri na waongozaji wengi hupapitia hapa kama sehemu ya vurugu. Ningekuwa mwongozaji ningewanyima waigizaji ruhusa ya kuharakisha.

Kinachofuata kina tatizo ambalo maandishi hayawezi kulitatua. Kabla ya kuondoka, Tiresias anatoa hotuba ya mwisho yenye kila kitu: muuaji yuko hapa, anadhaniwa mgeni lakini atagundulika kuwa Mthebes wa kuzaliwa, ni kaka na baba wa watoto wake, mwana na mume wa mwanamke mmoja. Edipode hajibu chochote. Je, amesikia? Hati za tamthilia za Kigiriki zilizotufikia hazina maelekezo ya jukwaani. Bernard Knox alipendekeza kwamba mfalme amekwisha kugeuka na kuingia ndani, na kipofu asiyemwona anaendelea kuuambia mgongo unaoondoka. Wengine wanambakisha pale pale, amesimama, akimeza kila neno. Ukimtoa jukwaani, unampa udhuru. Ukimbakisha, unampa kitu cha kuficha nyuma ya ukimya. Kwangu mimi anabaki, kwa kuwa tamthilia hii haina mahali pengine popote ambapo mtu huyu anaokolewa na bahati ya kutokuwapo.

Ola Rotimi, alipoupeleka mkasa huu katika nchi ya Wayoruba mwaka 1968 kwa jina The Gods Are Not to Blame, alikitazama kisa kilichoketi kichwani mwa mfalme, na akakipa jina la wazi kuliko Sophocles alivyofanya. Odewale wake ni mtawala anayejiona mgeni miongoni mwa watu wa Kutuje, mtu wa kabila la Ijekun aliyepewa kiti kwa sababu aliwaokoa. Nabii kipofu anapomtuhumu, anasikia ukabila: hawa hawanitaki kwa kuwa si wao, na Aderopo, anayeshika nafasi ya Creon, ndiye kinara. Rotimi aliandika wakati Nigeria ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, na hofu hiyo haikuhitaji kuelezwa kwa watazamaji wake. Ukirudi kwa Sophocles baada ya Rotimi unagundua kwamba hofu hiyo ilikuwamo. Edipode naye ni mtu wa kuja. Ameketi mahali pa mfalme aliyeuawa, amemwoa mjane wake, na shemeji mwenye damu ya kifalme anaishi jirani. Mshauri yeyote wa usalama angemwambia amtilie shaka Creon. Kutoona kwake kumevaa sura ya umakini wa kiongozi, na ndiyo maana wazee wanaomzunguka hawakuoni kuwa kutoona. Ila Rotimi amepoteza kitu pia: ametanguliza msimulizi na maigizo ya kimya yanayoonyesha mkasa wa kuzaliwa kwa mtoto tangu mwanzo, hivyo mtazamaji anaingia akiwa ameshikwa mkono. Sophocles anatuachia tuunganishe wenyewe, na kule kuunganisha ndiko kunakotutia jasho.

Hakuna mahali tunapounganisha kwa uchungu kama katika hotuba ya Jocasta, mstari wa 707 hadi 725. Malkia amekuja kuamua ugomvi wa mumewe na Creon, kaka yake. Anataka kumtuliza. Usiwasikilize watabiri, anamwambia, nitakupa mfano. Laius alitabiriwa kuuawa na mwanawe wa kumzaa. Lakini aliuawa na wanyang'anyi wa kigeni mahali njia tatu zinapokutana. Na mtoto, siku tatu hazijapita tangu azaliwe, Laius alimfunga vifundo vya miguu na kuwatuma watu wakamtupe mlimani pasipo na njia. Basi unaona jinsi utabiri usivyo kitu.

Hesabu vilivyomo. Utabiri wa mwana kumuua baba. Njia panda. Vifundo vya miguu vya mtoto. Edipode anamjibu kwamba roho yake imetikisika, na sisi tunashika pumzi, maana ana makovu miguuni. Kilichomtikisa ni njia panda. Anauliza ilikuwa wapi. Anauliza lini. Anauliza Laius alikuwa mtu wa namna gani, na Jocasta anajibu kwamba alikuwa mrefu, mvi zimeanza kumtoka, na umbo lake halikuwa mbali na lako. Neno hilo nalo linapita bila kuguswa. Anauliza msafara ulikuwa na watu wangapi. Watano, mmoja mpiga mbiu, na gari moja. Ni maswali bora kabisa: mahali, wakati, sura, idadi. Hakimu angeyasifu. Na yote, moja baada ya jingine, yanazunguka kando ya miguu ya mtoto bila kuikanyaga.

Hivi ndivyo mtunzi mwerevu anavyoonyesha mtu asiyetaka kuona. Hamfungi macho wala hamwambii mtazamaji kwamba fulani anakwepa. Anampa mhusika kitu cha kutisha kwa haki ili kinachotisha zaidi kipate kupita. Hofu ya kuwa alimuua mzee barabarani ni hofu ya kweli, na inamjaa Edipode kiasi kwamba hofu kubwa zaidi inakosa nafasi. Jambo moja wazi linatumika kufunika jingine lililo wazi zaidi. Sophocles amefanya hivyo ndani ya mistari kumi na tisa, kwa kinywa cha mwanamke anayejaribu kufariji.

Halafu inakuja hadithi ya Edipode mwenyewe, ndefu kuliko zote. Baba yangu ni Polybus wa Korintho, anaanza, na mama yangu ni Merope. Anasimulia kwamba siku moja karamuni mlevi alimwambia yeye si mtoto wa baba yake. Akawauliza wazazi. Wakamkasirikia mlevi. Akafurahi, lakini neno likaendelea kumtafuna, akaenda Delphi kwa siri. Apollo hakumjibu alichouliza. Alimwambia atamuua baba yake na kuzaa na mama yake. Basi akaikimbia Korintho. Msomaji asimame hapa. Mtu alikwenda kuuliza baba yangu ni nani, akarudi bila jibu, na akachukua hatua kana kwamba amejibiwa kuwa ni Polybus. Shaka iliyomtoa nyumbani imeangushwa njiani, na msimulizi haoni ilipoangukia. Sentensi ya kwanza ya hadithi, ile ya baba yangu ni Polybus, imetamkwa na mtu ambaye sentensi chache baadaye anatueleza kwa nini hapaswi kuwa na uhakika nayo.

Na zaidi ya hapo: utabiri wa Laius na utabiri wa Edipode sasa umesimuliwa katika mazungumzo yale yale, mume kwa mke, hata mistari mia moja haijapita kati yake. Mmoja unasema baba atauawa na mwana. Mwingine unasema mwana atamuua baba. Hakuna anayeinua kichwa. Voltaire, mwaka 1719, aliona visa vya namna hii kuwa kasoro, akauliza inawezekanaje mtu atawale miaka yote hiyo bila kujua mtangulizi wake alikufaje. Aristotle alikuwa ameshaliona tatizo hilo zamani na kulikubali, kwa hoja kwamba lisiloingia akilini limewekwa nje ya tendo lenyewe. Mtu anaweza kuendelea: mke aliyezaa watoto wanne na mwanamume huyu hakuwahi kuona miguu yake? Ni swali zuri la sebuleni. Jukwaani lina jibu lake. Kovu la Edipode halipo mpaka mtu alitamke. Tamthilia ya maneno humpa mwili mhusika kidogo kidogo, kadiri unavyotajwa, na Sophocles ameuchelewesha mguu huu hadi mstari wa 1,032 na kuendelea, akijua kwamba sisi tumeuona tangu mwanzo.

Jocasta ndiye anayenishughulisha zaidi kadiri miaka inavyokwenda. (Freud nitamwacha, amekwisha kupewa nafasi ya kutosha katika habari hizi.) Edipode hajui na anataka kujua. Jocasta anafika mahali anapojua na anataka isijulikane, na Sophocles ametumia ufundi wa jukwaa wa zama zake kutuonyesha badiliko hilo bila neno. Kwa kauli ya Aristotle, ni Sophocles aliyeongeza mwigizaji wa tatu. Kabla yake wazungumzaji walikuwa wawili tu jukwaani pamoja na kundi la waimbaji. Wa tatu alileta kitu kipya: mtu wa kusikiliza. Mjumbe kutoka Korintho ameleta habari kwamba Polybus amekufa, na kwa nia njema anamtoa Edipode hofu: usiogope kumwoa mama, Merope si mama yako, mimi nilikupokea mlimani mikononi mwa mchungaji wa Laius, vifundo vyako vimetobolewa, jina lako lenyewe limetoka huko. Wanaume wawili wanaulizana na kujibizana kwa karibu mistari sabini. Mwanamke amesimama kando kimya. Ile mbinu ya maswali mafupi, iliyokuwa hadi sasa ikimficha Edipode, sasa inamvua nguo mtu ambaye haulizwi chochote. Macho ya watazamaji yanawaacha wanaosema na kumhamia asiyesema.

Edipode anapomgeukia ili kumuuliza kama anamjua mchungaji huyo, anamsihi kwa kila njia asiendelee. Kama unapenda uhai wako, acha. Na yeye, kwa mara ya tatu, ana kisa tayari cha kuyapokea maneno hayo: huyu ni mwanamke mwenye majivuno, anaogopa mumewe asije akagundulika kuwa mtoto wa watumwa. Kwanza ilikuwa siasa, kisha idadi ya wanyang'anyi, sasa ni nasaba. Kila kisa kina mantiki. Kila kimoja kinamheshimisha yeye na kumshusha mwingine. Mkewe anaingia ndani, hatatoka tena akiwa hai, na mume anajitangaza kuwa mwana wa Bahati.

Waimbaji, yaani wazee wa mji, wanamfuata. Ule wimbo wao mfupi kuanzia mstari wa 1,086 ni wa furaha tupu: huenda mfalme wetu ni mtoto wa mungu na binti wa milimani, labda Pan, labda Apollo mwenyewe. Wazee hawa hawana sababu ya Edipode ya kutoona. Hawana makovu wala utabiri. Wamesikia hotuba ya Tiresias hadi mwisho, wamemsikia Jocasta akitaja vifundo, wamemsikia mjumbe akivitaja tena. Wanaimba. Kejeli ya Sophocles hapa imekwenda mbali kuliko kwa mfalme, na wahakiki wengi wanaupita wimbo huu wakiuita mapumziko kabla ya dhoruba. Kwangu si mapumziko. Ni raia wanaompenda kiongozi wao wakimsaidia kwa sauti nzuri.

Kisha mchungaji analetwa. Tukumbuke ameitwa kwa kazi gani. Ndiye yule yule aliyenusurika njia panda, ambaye alipomwona Edipode kwenye kiti cha enzi aliomba apelekwe malishoni, mbali na mji. Edipode alimwagiza kwa jambo moja tu, akaeleza waziwazi kwamba uhai wake unalitegemea: akisema walikuwa wengi, mimi si muuaji, kwa maana mmoja hawezi kuwa sawa na wengi. Mstari wa 845. Ndilo tumaini lake la mwisho, na limejengwa juu ya wingi ule ule alioufuta mwenyewe alipozungumza na Creon.

Mzee anafika. Mjumbe wa Korintho anamtambua. Maswali yanaanza kushuka, mafupi, halafu mafupi zaidi, hadi mstari mmoja unagawanywa kati ya vinywa viwili: alikupa yeye? Ndiyo, mfalme. Kwa nini? Nimwue. Mtoto wa nani, kutoka nyumba ipi, kwa mkono upi. Mchungaji anasema amefika kwenye jambo la kutisha kulisema, na Edipode anajibu kwamba naye amefika kwenye jambo la kutisha kulisikia, lakini lazima alisikie. Mistari michache baadaye analia kwamba yote yametimia, kwamba amezaliwa, ameoa na ameua pasipostahili.

Ameua. Hilo nalo amelikubali, ingawa shahidi pekee wa mauaji amesimama mbele yake na hajaulizwa habari za njia panda hata kidogo. Hakuna aliyetaja wanyang'anyi. Hakuna aliyetaja mmoja au wengi. Kesi iliyofunguliwa mwanzoni, ile iliyokuwa na tauni na amri ya Apollo nyuma yake, imehukumiwa bila ushahidi wake mkuu kuchukuliwa. Muulizaji ni yule yule, na kipaji ni kile kile. Kwanza aliruka yaliyokuwa mbele yake kwa sababu kisa kilichomo kichwani kilikuwa kimekamilika bila hayo. Sasa kisa kingine kimekamilika, na anaruka vile vile, safari hii akijihukumu. Sophocles angeweza kuweka swali hilo kwa mistari miwili. Hakuliweka, na mzee anaruhusiwa kuondoka. Nasi tuliokaa tangu mwanzo tukijua zaidi kuliko mfalme, tukiwa tumeshapata tulichokijia, hatuoni kwamba kuna kitu kimesahauliwa.